Mwaka Tuliolizunguka Ziwa

Tulimzika Gaudensia Jumatano, na kabla udongo haujakauka nikasikia habari zake zinapotoshwa. Nilikuwa chumba cha ndani pamoja na akina mama wengine, sahani ya ugali na maharage mapajani. Nje ya dirisha walisimama vijana watatu wa bodaboda waliokuwa wameleta waombolezaji. Mmoja akasema, "Huyu bibi eti aliwahi kulizunguka Ziwa Tanganyika lote kwa pikipiki. Enzi za Ujamaa, yeye na nesi mmoja wa Mbeya." Mwenzake akacheka. "Acha kamba, mshikaji. Pikipiki waliipakia kwenye lori, wao wakakaa juu ya magunia." Nikaweka sahani chini. Nilitaka kutoka niwapashe, lakini msiba ni msiba, nikameza maneno pamoja na maharage. Nesi wa Mbeya ni mimi. Lori halikuwepo. Kulikuwa na boti moja, na hiyo nitaitaja mwenyewe kwa mdomo wangu kabla mtu hajanisemea. Sasa Gaudensia hayupo, shahidi nimebaki peke yangu, kwa hiyo naandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mkunga niliyetoka chuoni juzijuzi, nimeletwa Sumbawanga na sanduku la bati na koti moja jepesi. Watu wa kwetu waliniaga kama mtu anayepelekwa kupigwa na radi. Radi sikuiona, nilichokiona ni baridi. Nilipangiwa chumba kimoja na Gaudensia, mwalimu wa shule ya msingi, Mfipa wa hukohuko, Mkatoliki wa kusali asubuhi na jioni. Mimi Mmoravia nilikuwa nasali nikikumbuka. Chumba kilikuwa na vitanda viwili na jiko la mkaa katikati, na kioo cha dirisha kilichovunjika tulikiziba kwa jalada la daftari la mahudhurio. Upepo wa Ufipa uliingia hivyohivyo. Gaudensia alipika ugali wa ulezi, mweusi na mzito, na siku ya kwanza niliutazama bila kuugusa. "Kula, Tusajigwe," akaniambia. "Huku huwezi kuishi kwa mchele wa Kyela." Nikala. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa naugombea, hasa siku akipata migebuka mikavu kutoka Kasanga, iliyofungwa kwenye gazeti. Magazeti yale tuliyasoma tukiwa tumeshashiba, yananuka samaki, habari za vijiji vya ujamaa zikiwa na madoa ya mafuta. Ulikuwa mwaka ule watu wanahamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani, na kila aliyepita barabarani alikuwa amebeba mlango au chungu.

Kilichonibadilisha hakikuwa baridi wala ulezi. Ilikuwa Kaoze, chini kule bondeni. Asubuhi moja ililetwa habari kwamba kuna mwanamke ana uchungu tangu jana, mtoto hatoki. Gari letu moja lilikuwa juu ya mawe karakana, likisubiri kipuri. Tulingoja kutwa. Kesho yake tulingoja lori la mahindi, likatuteremsha bondeni siku ya tatu, mchana wa jua kali. Nilikuta wameshamfunika, yeye na mtoto wake. Mama mzazi wa marehemu alikuwa amekaa kizingitini, macho yake barabarani. Tulikuwa tumesimama mbele yake, mimi na begi langu la vifaa, na bado akauliza, "Gari limekuja?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama, limekuja." Akatikisa kichwa, akaendelea kutazama barabara. Nimezalisha watoto wengi tangu siku ile, lakini swali lile halijawahi kunitoka. Nilirudi mjini nikiwa na hasira ambayo hata Gaudensia hakujua aiweke wapi.

Nyuma ya stoo ya idara yetu kulikuwa na pikipiki nyekundu, imekufa, kuku wanatagia chini yake. Fremu ilikuwa imekatika chini ya kiti, na fremu mpya haikupatikana nchi nzima. Nikaandika barua kuiomba: itengenezwe, nipewe mimi, niende nayo Kaoze na kwingine bila kungoja gari. Ndugu Kiondo, mkuu wa idara, hakunijibu. Alikuwa mtu wa kofia. Aliivaa ofisini, aliivaa mvuani, na wengine walisema anaoga nayo. Alikuwa pia na mazoea ya kumalizia kila neno lake kwa "andika hivyo, Salome," awe anaamuru au anatania. Salome alikuwa mpiga chapa wake, binti wa Rungwe. Ukuta kati ya ofisi ya mkuu na chumba chetu cha kazi ulikuwa wa mbao, na siku moja nikamsikia akichekesha wageni wake. "Mwanamke juu ya pikipiki, mpaka Kaoze? Na fremu iliyokatika? Sikilizeni. Akilizunguka nayo Ziwa Tanganyika lote katika likizo yake ya siku ishirini na nane, akairudisha hapa kabla ofisi haijafungwa, injini ileile, fremu ileile, nitampa. Na kofia nitamvulia. Andika hivyo, Salome!" Wakacheka mpaka mbao zikatikisika.

Salome akaandika. Yote, isipokuwa kofia. Akaiweka katikati ya barua nyingine za Ijumaa, na Ndugu Kiondo, ambaye Ijumaa hakusoma kitu, alitia saini zote kwa mkupuo mmoja. Ikapigwa mhuri. Nakala ikapanda kwenda mkoani. Jumatatu alipoiona kwenye jalada akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, barua mkononi. "Nesi, huu ulikuwa utani." Nikamwambia, "Una mhuri, Ndugu Mkuu." Kwa miaka ile, neno lenye mhuri halikuwa na utani tena. Akanitazama, akaitazama barua, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Usipoirudisha siku hiyo, sitaki kusikia tena habari ya pikipiki katika idara hii. Na wewe utarudi Mbeya." Nilimwitikia kwa heshima zote. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Fundi mmoja wa karakana akaifufua injini, akanifundisha kuendesha jioni kwenye uwanja wa mpira, wachezaji wakinizomea. Fremu ikamshinda. Hapo ndipo Gaudensia alipomtaja mjomba wake, Mzee Sikombe, mhunzi, kijiji cha pembeni ya barabara ya Namanyere. Tuliisukuma mpaka huko juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Mzee alikuwa ameshahamishiwa kijiji kipya, lakini kila asubuhi alirudi kwa miguu kwenye kiwanda chake cha zamani, akisema moto wake haujapewa barua ya kuhama. Mlangoni alikuwa amemwaga majivu, mstari mmoja ulionyooka. Mwanamke hakuvuka pale. Ndivyo walivyofanya kazi ya chuma tangu kwa baba zao, na hata nilipomsalimu, "Shikamoo, mzee," aliniitikia marahaba akiwa upande wake wa mstari. Wajukuu wake wakaivusha pikipiki. Sisi tulikaa nje, juu ya kisiki, tukisikiliza mivukuto ikihema na nyundo ikilia, na Gaudensia akimpigia mjomba kelele kwa Kifipa kila alipotaka vipimo, ambavyo tulivipima kwa uzi wa katani wenye mafundo. Alifua pete mbili kutoka kwenye jembe alilorithi kwa baba yake, chuma kilichoyeyushwa palepale Ufipa, akaikaza fremu iliyokatika katikati ya pete hizo. Alipomaliza akasimama kwenye mstari wake. "Chuma hiki nimekuoza, binti," akasema. "Bibi harusi akitoka ugenini anapita kwao kwanza, waliomzaa wamwone kama alitunzwa. Mkirudi, mnipitie mimi kabla ya huyo mwenye kofia." Nikaahidi. Kuahidi wakati wa kuondoka ni rahisi.

Tukaondoka alfajiri ya siku ya kwanza ya likizo, mimi mbele, Gaudensia nyuma na rozari yake, shule zikiwa zimefungwa. Tulibeba madumu mawili ya petroli, viraka, pampu, na barua ya balozi wetu wa nyumba kumi iliyosema sisi ni wananchi wema. Barua ile iliheshimiwa Zambia, ilichekwa Zaire, na Burundi askari mmoja aliishika kichwa chini miguu juu, akaisoma kwa makini, akaipiga mhuri. Watu huniuliza niliona nini. Nadhani wanangoja simba. Simba simkumbuki, nakumbuka vyumba. Nakumbuka nyumba ya mwalimu huko Mbala, alikotulaza kwenye kitanda cha wanawe na wanawe wakalala jikoni. Nakumbuka stoo ya chumvi karibu na Pweto, tulikoamka midomo imekauka, Gaudensia akacheka mpaka akashika ukuta. Nakumbuka jiko la masista wa Moba, na supu yao ya kunde, na sista mzee aliyezigusa pete za fremu kwa kidole akauliza aliyeivisha pikipiki pete ni nani. Na nakumbuka samaki. Mgebuka uleule tulioufungua kwenye gazeti chumbani kwetu tulipewa Mpulungu kwa nshima, ugali wao, Kalemie kwa ugali wa muhogo, na Bujumbura wakatuletea kwa ndizi na kuuita mukeke. Nchi nne, samaki mmoja. Nilikuwa nimefundishwa shuleni kwamba mipaka iko pale, na iko kweli, nina mihuri yake kwenye hati ya kusafiria. Lakini kila jikoni niliulizwa swali lilelile: nimekuja kufanya nini. Nilipojibu kwamba nataka pikipiki ya kuwafikia wajawazito, wanawake waliacha kupika, kila mmoja akanitajia jina la mtu wake. Sijapata kujisikia mwenye nguvu kama nilivyojisikia kwenye majiko yale. Nilianza safari kwa hasira yangu mwenyewe, na kadiri tulivyokwenda nikawa nasafiri na ya wengine pia.

Kalemie ndiko nilikokaribia kuharibu. Gaudensia alikuwa na homa, amelala siku tatu kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko, na mimi nilikuwa nimechoka hasa, ile ya kutaka mama yako. Fundi wa kuchomelea akaizunguka pikipiki yetu, akazigonga pete kwa bisibisi. "Mama, bintu gani hii? Ya bababu! Tuitoshe, tukuwekee fremu ya mupya. Niko nayo." Alikuwa nayo kweli, inang'aa, imening'inia ukutani. Nikaitazama fremu ile kwa tamaa ambayo bado naionea haya. Nani Sumbawanga angejua? Nikamwambia afungue boliti. Alikuwa ameshashika spana niliposikia mlango nyuma yangu, nikamwona Gaudensia amesimama na shuka, macho mekundu kwa homa. "Barua inasema fremu ileile," akasema. "Na hata isingesema." Akarudi kulala. Fundi akaniuliza, "Sasa?" Nikasema, "Acha." Wiki nzima iliyofuata hakunikumbusha jambo lile, na kwa hilo peke yake ningempenda mpaka leo. Kutoka pale, barabara ya kaskazini walituambia ina bunduki, kwa hiyo tulipanda boti ya mizigo mpaka Uvira. Hiyo ndiyo boti niliyosema. Anayetaka kunipunguzia maksi anipunguzie.

Burundi ikapita, Kigoma ikapita, msitu wa kushuka Mpanda na mbung'o wake ukapita. Siku ya ishirini na nane, Ijumaa, tulipanda Ufipa kutoka Namanyere, na nilipoona mashamba ya matuta ya mviringo yakitapakaa mpaka upeo wa macho nilipiga kelele ya furaha peke yangu ndani ya upepo. Ofisi ilifungwa saa tisa na nusu. Ilikuwa saa saba tulipofika njia panda ya kwa Mzee Sikombe. Sikupunguza mwendo.

"Simama," Gaudensia akasema. "Tunapita kwa mjomba."

"Tutapita kesho."

"Ulimwahidi leo. Kabla ya ofisi."

"Gaude, tukichelewa tumepoteza kila kitu. Kila kitu! Mjomba ataelewa."

"Basi niache nishuke."

Nilisimama kwa hasira nikidhani atabadili nia. Akashuka, akajifunga khanga vizuri, akaanza kutembea kwenye ile njia ya vumbi bila kugeuka. Nikakaa pale, injini inanguruma, saa ya mkononi mbele ya macho yangu. Nilimtukana, Mungu anisamehe, kwa Kinyakyusa ili asielewe. Kisha nikageuza usukani nikamfuata.

Mzee alikuwa peke yake. Wanaume wote, hata wajukuu zake, walikuwa kwenye shamba la kijiji, maana Ijumaa ilikuwa siku ya kazi ya pamoja. Tuliisukuma pikipiki mpaka kwenye majivu tukaiachia, yeye akaivuta. Akapiga magoti, akapitisha kidole gumba kwenye pete ya kwanza, kisha ya pili. Halafu akaniita nichungulie kutoka pale nilipo. Pete ya pili ilikuwa imepasuka kwenye tundu la boliti, na fremu imeanza kufunguka; ungeweza kuingiza kucha. "Mngefika wapi na hii?" akauliza. "Mteremko wa kwanza tu." Nikawaza njia panda, na mimi nikiwa nimekaa pale na saa yangu. Mzee akachochea makaa, akaweka chuma motoni, akashika mivukuto, na hapo akakwama. Mtu mmoja hawezi kuvukuta na kufua. Akatazama nje kuelekea shamba la kijiji, mbali, watu wanaonekana kama nukta. Akanitazama mimi. Akalitazama jivu.

"Mjomba," Gaudensia akaanza, na sauti yake ilikuwa ya woga.

"Nyamaza wewe," mzee akamwambia. "Aliyekaa juu ya chuma hiki nchi nne ni nani? Ni mimi?" Akaburuta mguu wake juu ya mstari, mara moja, pakabaki nafasi ya mtu mmoja. "Vuka, binti. Shika mivukuto. Na usivukute kama unaua nyoka, polepole."

Nikavuka. Nilivukuta polepole, machozi na jasho vinachanganyika, na nyundo yake ikashuka juu ya pete ile mpaka ikafunga. Sina cheti chochote kati ya nilivyopata baadaye ninachokithamini kama saa ile moja. Alipomaliza akaizamisha kwenye maji, akaikaza, akavaa koti lake la kanisani. "Twende," akasema. "Nataka kumwona anayesema fremu yangu imekatika." Basi tukapanda mishikaki, mimi usukanini, mzee katikati amenishika mabega, Gaudensia nyuma anamshikilia mjomba wake. Mhunzi ambaye mwanamke hakuwahi kuvuka mlangoni kwake aliingia Sumbawanga nyuma ya mwanamke, koti linapepea, akiwaamkia watu wa pande zote mbili za barabara.

Ndugu Kiondo alikuwa anafunga mlango. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, na Salome, ambaye alikuwa amekawia makusudi kwa kutafuta funguo za kabati, aliachia kelele iliyowatoa watu wa ofisi zote. Mkuu akasoma namba ya injini. Akasoma namba ya fremu. Akafungua hati zetu, akahesabu mihuri ya nchi kwa kidole, akarudia. Akaishika fremu kwa mikono miwili akaitikisa kwa nguvu zake zote, na Mzee Sikombe akamwambia taratibu, "Tikisa tu, mwanangu. Haina haraka." Watu wakaangua kicheko. Ndugu Kiondo akasimama wima. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo nikijua wengine watanibishia. Mbele ya wote alivua kofia. Alikuwa na upara mzuri kabisa, sijui alikuwa anauficha nini.

Gaudensia alikaa kwenye chumba kile miaka miwili zaidi, akaolewa, akazaa, akafundisha nusu ya mji huu kusoma. Mara nyingi nilimuuliza kwa nini alishuka njia panda, kama alijua pete imepasuka. "Sikujua kitu," alikuwa ananijibu. "Ulikuwa umeahidi." Jumatano, baada ya kula, nilitoka nje nikawaamkua wale vijana wa bodaboda, nikamwambia yule wa lori kwamba nesi wa Mbeya ndiye mimi, na kwamba kama ana shaka anipe ufunguo. Hakunipa. Lakini aliniamkia shikamoo kwa adabu, na alipomaliza akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Sasa bibi, hiyo pikipiki mlipoipata mliipeleka wapi?"

Nikamwambia. Jumanne iliyofuata ile Ijumaa ya kofia ililetwa habari kutoka Kaoze: mwanamke ana uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Sikungoja mtu. Nilifunga begi langu nyuma ya kiti, nikashuka ule ukuta wa bonde kwa gia ndogo, vumbi mpaka kwenye meno, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa kijijini. Nyumba ilikuwa ileile. Mwenye uchungu alikuwa mdogo wake yule marehemu, na mama yao alikuwa amekaa kizingitini palepale, anatazama barabara juu ya kichwa changu. Ndani nilisikia binti akilia, yu hai, ana nguvu bado. Nikazima injini. Mama akauliza, "Gari limekuja?"

"Hapana, mama," nikamwambia, nikifungua begi. "Nimekuja mimi."